Mnajenga pamoja? Linganisheni uani kwanza, kuta baadaye

Siku hizi watu wengi wananunua ardhi kwa pamoja: ndugu wa tumbo moja, wanachama wa kikoba, waumini wa msikiti mmoja, wastaafu waliofanya kazi ofisi moja. Kiwanja kikishapatikana, ubishi wa kwanza huwa tofali. Huyu anataka bloku za saruji kwa kuwa ndiyo nyumba ya kudumu, yule amesikia habari za tofali la kufungamana, wa tatu katoka Lamu na picha za kuta za matumbawe kwenye simu. Naomba ubishi huo usubiri. Jinsi nyumba zitakavyokaa juu ya kiwanja itaamua maisha yenu zaidi ya kilichomo ndani ya ukuta. Plasta iliyokosewa hubanduliwa ikapigwa upya. Nyumba zilizopeana mgongo hazigeuzwi.

Naandika nikiwafikiria zaidi watu wa pwani, kuanzia Lamu mpaka Mtwara, ambako joto na unyevu huja pamoja. Huku mwili hupozwa na upepo, na nyumba nzuri ni ile inayokinga jua na kuacha hewa ipite. Walio Iringa au Nyeri, wanaohitaji ukuta ushike joto la mchana mpaka usiku, wachukue yanayowafaa.

Kila mtu na geti lake, uani mmoja, au ghorofa

Njia ya kwanza ni kukata kiwanja vipande, kila familia na uzio wake. Wengi huichagua, na sababu inaeleweka: kila mtu anajua mwisho wa chake. Lakini pigeni hesabu kabla ya kuamua. Kipande cha mita 20 kwa 20 kina mzunguko wa mita 80. Uzio wa mita 2 kwenda juu ni mita za mraba 160 za ukuta. Nyumba ya mita 8 kwa 10 yenye kuta za mita 3 ina mita za mraba 108 tu za kuta za nje. Maana yake mnanunua tofali nyingi za kuzuia majirani kuliko za kujistiri, na hata mkichangia kuta za katikati bado fedha nyingi imeishia kwenye kitu kisicholaza mtu. Juu ya hayo, uzio wa mita 2 unasimama sawasawa na dirisha, yaani pale pale upepo unapopita. Nimeona viwanja vingi vya namna hii ambavyo ndani ya geti ni joto na nje barabarani kuna upepo mwanana.

Njia ya pili ni kuzipanga nyumba zizunguke uani wa pamoja, na uzio, kama unahitajika, uwe mmoja wa nje kwa wote. Hili si jambo geni kwetu. Mitaa ya Dar es Salaam kama Kariakoo na Magomeni ilijaa nyumba za Kiswahili: korido katikati kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma, vyumba huku na huku, baraza mbele, uani nyuma penye jiko, bafu na choo. Mwenye nyumba alikaa na wapangaji. Korido ilivuta hewa. Mzee aliyekaa barazani aliujua mtaa wote na mtaa ulimjua. Uani mama mmoja aliweza kwenda sokoni akaacha mtoto, kwa sababu kulikuwa na macho mengine manne au sita yanayomwangalia. Hakuna tofali linaloweza kuleta faida hiyo. Inaletwa na mpangilio.

Wanaouogopa uani wa pamoja huogopa zaidi kukosa faragha, na hofu yao ina haki. Jibu lipo Mji Mkongwe wa Lamu, ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001. Kule nyumba zimebanana kiasi kwamba watu wawili wakipishana na punda kichochoroni lazima mmoja asogee, na bado kila familia ina siri yake. Unaanza na daka, kibaraza cha mlangoni chenye viti vya kujengea, ambapo mgeni anakaa na kuzungumza bila kuingia. Ukivuka mlango hauoni ndani. Njia inapinda kwanza, ndipo unatokea kiwandani, ule uwazi wa katikati ya nyumba ulio wazi juu. Vyumba vya familia viko mbali zaidi, kimoja nyuma ya kingine. Na pale ndugu walipoishi pande mbili za kichochoro, walijenga wikio, chumba kinachopita juu ya njia, kikaunganisha nyumba mbili bila mtu kushuka mtaani. Yaani ukaribu na faragha vilipangwa kwa pamoja, hatua kwa hatua, kuanzia kwa mpita njia mpaka kwa wa ndani kabisa. Nanyi mkiweka vibaraza vinavyotazama uani, na milango ya vyumba isiyotazamana, mtakuwa mmefanya hivyo hivyo kwa gharama ndogo.

Ugomvi wa uani nao tuuseme bila kuficha. Huanzia chooni, kwenye bili ya maji na kwenye umeme. Mwenye friji mbili na mwenye taa moja wakitumia mita moja ya umeme wa kulipia kabla, LUKU, hakuna undugu utakaofika mwisho wa mwaka. Kwa hiyo tenganisheni vinavyogombanisha: kila nyumba choo chake, bafu lake, umeme wake. Changieni vinavyopendeza: tangi la maji ya mvua, karo la kufulia, kamba za kuanikia, jiko kubwa la shughuli, mti mmoja wa kivuli na benchi la kuuzunguka. Harusi na misiba ya familia zote itafanyikia hapo, na mtaokoa kodi ya ukumbi na mahema kwa miaka yote.

Ghorofa ndiyo njia ya tatu. Inaokoa ardhi, na mahali kama Kariakoo, Mombasa kisiwani au mjini Unguja ardhi ndiyo bei yenyewe. Lakini inadai nondo, zege na mhandisi, na haisamehi fundi wa kubahatisha. Pia inabadilisha ujirani. Majengo ya Michenzani mjini Unguja, yaliyoanza kujengwa karibu mwaka 1970 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, yaliwapa watu wa Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, maji ya bomba, umeme na vyoo vya ndani, jambo kubwa sana kwa wakati ule. Hayakuwapa baraza. Bibi wa ghorofa ya nne hashuki kila jioni kukaa na wenzake. Kama ardhi inawalazimisha kwenda juu, naomba msivuke ghorofa moja juu ya ya chini, na mzizungushe nyumba kwenye uwazi wa katikati ili wa juu na wa chini waonane na kuitana. Wazee wakae chini.

Kuta: nani ataukarabati mwaka wa kumi?

Mkishakubaliana mpangilio, sasa njooni kwenye tofali. Kipimo changu ni hilo swali la juu. Bei ya leo kila mtu ataiuliza. Ukarabati hauulizwi mpaka ufa uonekane.

Ukuta wa matumbawe na chokaa una unene wa nusu mita hivi, na uzuri wake unaweza kumsahaulisha mtu gharama. Dari zake hulazwa boriti za mkoko, na kwa kuwa boriti haiwezi kubeba uzito masafa marefu, vyumba huwa vyembamba, mita mbili na nusu au tatu kwa upana, vikarefuka kwa urefu. Chokaa hupumua: unyevu unaopanda kutoka ardhini hupata pa kutokea. Siku fundi anapokuja na saruji ili "kuimarisha", unyevu unanaswa, chumvi inajikusanya nyuma ya plasta, plasta inavimba na kudondoka, na vichwa vya boriti vinaoza ndani ya ukuta bila mtu kuona. Majengo haya hayasubiri. Beit al-Ajaib, jumba la kifalme la Unguja lililojengwa mwaka 1883 enzi za Seyyid Barghash, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 ukarabati ukiwa umeshaanza, na watu wakafa. Ongezeni kwamba kuchoma chokaa kwa njia ya zamani hula magogo mengi, na kwamba matumbawe hai ya baharini hayafai kuguswa, kwani ndiyo maskani ya samaki na kinga ya fukwe zetu. Ushauri wangu: mkirithi nyumba ya matumbawe, itunzeni kwa chokaa na mwashi anayeijua kazi. Kujenga mpya, fanyeni hivyo tu mkiwa karibu na machimbo ya mawe ya nchi kavu na waashi wa kuwalea mafundi vijana.

Kiambaza cha miti, fito na udongo kinadharauliwa kupita haki yake. Ndicho ukuta wenye gharama ndogo kuliko zote na unaochafua hewa kidogo kuliko zote, na ndani yake ni baridi. Wanaosema hakidumu wameona vilivyojengwa vibaya. Mvua inayokimaliza ni ile inayodunda chini na kurukia mguu wa ukuta, kila msimu ikila kidogo kidogo. Mchwa nao hupandia hapo hapo. Inueni msingi wa mawe nusu mita kutoka ardhini, toeni upenu karibu mita moja, pakeni chokaa nje, na ukuta huo utawazika waliousimamisha. Ila unataka kukandikwa kila baada ya msimu. Kijiji chenye msaragambo hai, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea, hufanya kazi hiyo kwa siku moja, na chakula cha pamoja jioni. Kama nusu yenu mnaishi mjini na mnarudi sikukuu tu, kiambaza kitaanguka, na hakitakuwa na hatia.

Nakaa zaidi kwenye tofali la kufungamana, kwa sababu kwa vikundi vingi ndilo jibu. Ni udongo wa hapo hapo kiwanjani uliochanganywa na saruji kidogo, kama asilimia 5 hadi 10, ukashindiliwa kwa mashine ya mkono. Halichomwi, hivyo hakuna kuni. Lina meno na mitaro inayoshikana, hivyo kozi nyingi, yaani safu za tofali, hupangwa bila mota, ule mchanganyiko wa saruji na mchanga wa kuunganishia. Tanzania wakala wa utafiti wa nyumba na vifaa vya ujenzi, NHBRA, umelieneza kwa miaka mingi, na Kenya wizara ya nyumba ilifungua vituo vya mafunzo kwa ajili hiyo. Uganda, Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere alitengeneza tofali la namna hii lililopinda, la kujengea matangi ya maji, jambo linalowahusu moja kwa moja wenye uani wa pamoja.

Kazi huharibika au hutengenezeka kwenye udongo. Kabla ya kukodi mashine, chimbeni mpaka mpite udongo mweusi wa juu wenye mizizi. Tieni udongo wa chini yake kwenye chupa inayoonesha ndani, ufike theluthi, jazeni maji na chumvi kidogo, tikiseni kwa nguvu, iacheni mpaka kesho. Mchanga utakuwa chini, tope laini katikati, mfinyanzi juu. Mnautaka mchanga uwe mwingi na mfinyanzi wa kutosha kushikanisha. Ukiwa na mfinyanzi mwingi, tofali litanyauka na kupasuka, basi ongezeni mchanga au tafuteni shimo jingine. Kwa maji ya kuchanganyia, finyangeni donge la kutosha kiganja mliachie kutoka usawa wa kifua kwenye ardhi ngumu. Likibamizika bila kuvunjika, maji yamezidi. Likitawanyika kuwa vumbi, maji hayatoshi. Likivunjika vipande vichache vikubwa, mashine ianze.

Baada ya hapo ni nidhamu. Tofali lipangwe kivulini, lifunikwe, limwagiliwe walau wiki nzima, na lisijengewe kabla halijakomaa. Wiki nne ndizo za uhakika. Kozi ya kwanza ilazwe kwa mota na ipimwe kwa pima maji mpaka fundi akuchukie, kwa sababu kosa la milimita chache chini huwa la sentimita juu. Pembeni na kwenye milango pitisheni nondo, na juu fungeni mkanda wa zege. Halafu msije mkapiga plasta ya saruji ndani na nje kwa aibu ya kuonekana mmejenga udongo. Hapo saruji mliyookoa yote mmeirudisha. Uzuri mwingine ni kwamba vijana wenu wenyewe wakifundishwa wiki moja wanaendesha mashine, na atakayeziba ufa mwaka wa kumi ni yule yule aliyefyatua tofali.

Bloku ya saruji inajulikana na kila fundi, inapatikana kila barabara kuu, na ukuta unapanda haraka. Kwa choo, bafu na msingi sioni sababu ya kuikwepa. Kwa nyumba nzima nina mashaka. Uzalishaji wa saruji duniani unachangia takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu, kwa kuwa mawe ya chokaa huokwa kwenye tanuri lenye joto la nyuzi 1,450 hivi. Ukuta wa bloku nyembamba unaopigwa na jua la saa tisa alasiri hukurudishia joto hilo usiku, ukiwa kitandani. Na bloku za kununua nyingi hazina saruji ya kutosha. Shika moja, ikwaruze kwa msumari, ikimomonyoka kama biskuti iache hapo hapo. Mchanga wa ufukweni nao ni marufuku, kwani chumvi yake inakula nondo.

Tofali la kuchoma sitalizungumzia sana. Tanuri lake linakula miti, na pwani miti hiyo mara nyingi ni mikoko, miembe na mikorosho ya watu.

Paa ndilo linalopoza

Kikundi chenye fedha kidogo kiwekeze kwenye paa kabla ya ukuta. Makuti yanapendeza na yanapoza, ila hutaka kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, na kwenye nyumba zilizokaribiana cheche moja inatosha kuziteketeza zote. Yawekeni kwenye banda la uani, mbali na jiko. Nyumba ziezekwe bati, lakini bati lililoinuliwa.

Mfano ninaoupenda ni shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001. Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji hicho, aliisanifu akiwa bado mwanafunzi wa usanifu majengo Ujerumani, na wanakijiji walibeba mawe ya msingi wenyewe. Kuta ni udongo na saruji. Bati halikulalia ukuta: limenyanyuliwa juu ya dari ya matofali kwa fremu za nondo za kawaida zilizochomelewa pale pale, na upepo unapita katikati ukiondoa joto. Shule hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan ya usanifu mwaka 2004, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker ya usanifu majengo. Fundi wa kuchomelea madirisha wa mtaani kwenu anaweza kuzitengeneza fremu hizo.

Kwa usingizi, angalieni pia Magoda, mkoani Tanga, ambako nyumba za majaribio ziliwekwa vyumba vya kulala juu na kuta zinazopitisha hewa lakini si wadudu. Mbu walioingia walikuwa wachache zaidi kuliko kwenye nyumba za kawaida za kijiji hicho, na ndani hakukuwa na joto kama la nyumba za jirani. Mahali penye malaria hiyo ni sababu tosha ya kufikiria kulala juu.

Ardhi ya nani?

Hapa ndipo vikundi vingi hufia. Nyumba nzuri, uani mzuri, halafu mmoja anauza kwa mgeni anayejenga uzio katikati.

Kuna njia mbili za kulinganisha. Mtaa wa Tanzania-Bondeni, mjini Voi, Kenya, ulichagua miaka ya 1990 kwamba ardhi iwe ya jumuiya nzima na nyumba iwe ya mwenye nyumba. Mtu aliweza kuuza alichojenga, lakini si udongo uliokibeba, na hivyo matajiri hawakuweza kuwanunua maskini mmoja mmoja mpaka mtaa uishe. Chamazi, Dar es Salaam, watu waliohamishwa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari waliweka akiba, wakaunda ushirika, wakanunua eneo kwa pamoja, wakafyatua vifaa wenyewe na kujenga kwa awamu, chumba kikiongezwa kadri fedha ilivyopatikana. Njia hizi zote ni ngumu na huchukua miaka ya kufuatilia ofisi za ardhi. Hati ya kila mtu na kipande chake hutoka kwa urahisi zaidi, na benki huipenda, lakini ndiyo inayozaa uzio. Wanaokwenda ghorofa wana sheria inayowaruhusu kila mmoja kumiliki sehemu yake na wote kumiliki ngazi, paa na uwanja: Tanzania ni sheria ya mwaka 2008, Kenya ya mwaka 2020.

Mkiniuliza familia sita au nane zenye ekari moja nje kidogo ya mji zifanye nini, nitasema hivi. Hati moja ya ushirika. Uani katikati, ukifunguka upande pepo za kaskazi na kusi zinapopita. Msingi wa mawe, kuta za tofali la kufungamana, vyoo vya bloku, bati lililoinuliwa, tangi la pamoja. Kila familia ianze na vyumba viwili, imwage na msingi wa viwili vingine vya baadaye. Tofali za kwanza kabisa zijenge tangi, banda la uani na choo kimoja, kwa sababu mafundi na wanachama watahitaji maji, kivuli na pa kujisaidia kwa muda wote wa ujenzi, na mtajua mapema nani huja siku ya kazi na nani hutuma udhuru. Kabla ya kufyatua hata tofali moja, andikeni kwenye katiba ya kikundi kwamba anayeondoka huuza kwanza kwa wenzake, kwa bei ya mthamini aliyekubaliwa na wote, na kwamba uani haugawanywi hata wanachama wote wakikubali isipokuwa kwa mkutano ulioitwa mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Mpelekeeni wakili aisome, kisha kila mtu atie sahihi mbele ya mwenza wake na mtoto wake mkubwa.